Kiboko Bonge na Keki ya Duara

Jumatano, 12 Juni
Shemeji, mume wa dada, kasema tena: mwezi ukiisha sina kazi, nirudi kwa mama. Kasema huku ananawa mikono, kama anaongea na bomba. Sawa. Jumamosi mpwa wangu anatimiza miaka mitano, na keki naoka mimi. Majirani watakuwepo. Wakionja tu, oda zitamiminika, na kochi la sebuleni litabaki langu. Keki yenyewe ni Kiboko Bonge, yule wa hadithi ninazomsimulia mtoto akienda kulala. Kila siku wabaya wanamkimbiza na visu, kila siku anawaponyoka. Nimemtunga mwenyewe. Shuleni nilikoishia darasa la sita hawafundishi hayo.

Alhamisi, 13 Juni
Jaribio la kwanza. Makaa juu ya mfuniko yalizidi. Dada kauliza hiki ni kiboko au kisigino. Karani, mdogo wake shemeji, kapita kuazima pasi, kachungulia sufuria, kasema tusihangaike, yeye ataleta keki ya dukani. Ya duara. Mtu mzima na tai shingoni, ubunifu wake wote duara.

Ijumaa, 14 Juni
Nimempata! Keki mbili: moja mwili, nyingine kichwa, nimekichonga kwa kisu cha mboga. Siagi na sukari laini, rangi nyeusi tone kwa tone mpaka ikawa kijivu. Masikio biskuti. Dada kasema, mdogo wangu, kumbe una mikono. Sijawahi kuambiwa hivyo nyumba hii. Shemeji kazunguka meza mara mbili. Kasema tusubiri watu waonje.

Jumamosi, 15 Juni
Nikaingia na Kiboko juu ya sinia. Makofi. Mtoto kamwita jina, kamsalimia. Nami, kwa mbwembwe zangu, nikatoa kisu.
Kaniuliza, mjomba, na wewe ni mbaya? Kisha kaangua kilio. Wenzake sita wakalizingira sinia, wanalia kama wamefiwa. Dada kaniambia niweke kisu chini. Nikasema basi tuanzie mkia. Nikarushiwa kofia za karatasi.
Karani kafungua boksi lake taratibu. Duara. Wakala mpaka makombo, wakamuuliza duka liko wapi. Shemeji kala vipande vitatu, macho kwangu.

Jumatatu, 17 Juni
Waliomwonja Kiboko ni sisimizi peke yao. Mtoto hanisemeshi. Hadithi sasa anasimuliwa na Karani, ambaye hata "hapo zamani" anaisoma kwenye simu. Shemeji kashusha begi langu toka juu ya kabati, kaliweka kando ya kochi. 
Lakini kosa nimeliona. Kosa ni kiboko. Watoto wanapenda wanyama kupita kiasi. Mtoto wa jirani wa ghorofani anatimiza mwaka Jumapili, nimemwahidi mama yake keki yenye umbo la mtoto mwenyewe: mashavu yake, meno yake mawili. Tumboni nitajaza jemu nyekundu, kisu kikipita itiririke vizuri.
Huyo nani atakataa akatwe? Kisu nimeshakinoa.