Kioo Kimoja, Wadaiwa Watatu

Jumatatu, 3 Machi

Siku mbaya. Mbaya sana! Hakimu amemtoa shemeji kwenye kesi yangu. Kamtoa hivihivi, kama unywele kwenye chai.

Niandike kabla hasira haijanisahaulisha. Wadaiwa wangu walikuwa watatu. Wa kwanza, fundi seremala. Wa pili, mbeba mizigo tunayemwita Tingatinga. Wa tatu, shemeji, kaka wa mke wangu, anayekaa juu ya saluni yangu ya kunyolea. Fundi na Tingatinga walikuwa wanapandisha kabati la shemeji, na ngazi ya kwenda kwake inaanzia ndani ya saluni. Shemeji akasimama mlangoni akipunga mkono: leteni, leteni, nafasi ipo. Nafasi haikuwepo. Kilichokuwepo ni kioo changu, kile kikubwa cha ukutani alichoniachia marehemu baba, na sasa ni vipande.

Hakimu kasema kusema si kubeba. Mdomo wa shemeji haukugusa kioo. Kesi iendelee kwa wale wawili. Shemeji akatoka mahakamani meno yote nje, akaniuliza kama narudi nyumbani tufuatane. Nikamkata jicho. Nitakata rufaa, kufa kupona!

Jumanne, 4 Machi

Wateja wananikimbia. Nimeazima kioo cha mkono cha mke wangu. Mteja anaona sikio moja, anageuza, anaona la pili, analalamika kwamba hayalingani. Leo mwalimu mmoja niliyemfikisha nusu kichwa aliomba avuke barabara kwa kinyozi mwenzangu, akajitazame kidogo tu. Hakurudi. Baadaye nikamwona akitoka kule, kichwa kizima kinang'aa, taulo langu bado shingoni.

Bila kioo, saluni ya baba itakufa mikononi mwangu. Halafu namsikia shemeji juu akipiga mluzi, basi nawaza rufaa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda kwa karani wa mahakama, mama mwenye miwani na subira. Nikamwambia nimekuja kukata rufaa. Akauliza kama kesi imeisha. Nikasema kwa shemeji imeisha. Akauliza, na hao wengine? Nikasema hao wala siwataki sana. Akavua miwani.

Akanieleza taratibu. Mdaiwa mmoja akitolewa na wengine wakabaki, kesi haijaisha. Amri ya namna hiyo haikatiwi rufaa mpaka mambo ya wote yaishe. La sivyo, niombe ruhusa kwa hakimu mwenyewe, na hakimu akiona kuna sababu, atanipa. Akasema ndiyo sheria ya mahakama hii, kwingine wana yao. Nikamuuliza, yaani nimwombe hakimu ruhusa ya kumsemea kwa wakubwa zake? Akasema ndiyo. Nimeipenda sana hii sheria!

Jumatano, 12 Machi

Nimenyimwa. Hakimu kasema kioo ni kimoja, kabati ni moja, ngazi ni hiyohiyo. Mahakama ya juu haiwezi kusumbuliwa leo kwa shemeji, kesho kwa fundi, juu ya vipande vilevile. Nisubiri. Nisubiri! Yeye hasalimiwi na shemeji kila asubuhi.

Jioni fundi kaja saluni na Tingatinga nyuma yake. Wamekubali kosa. Wana kioo kizuri, kikubwa kuliko kile cha kwanza. Watakileta Jumamosi, wanifungie ukutani, tumalize kesi. Mke wangu akapiga kigelegele. Mimi nikasema nitafikiri. Kigelegele kikakatika katikati.

Lakini jamani! Nikishapokea kioo, sina tena cha kudai. Rufaa itadai nini? Shemeji atakuwa ametoka msafi kabisa.

Alhamisi, 13 Machi

Akili imenijia nikimnyoa mzee mmoja ndevu. Rufaa inangoja wadaiwa wote waishe? Basi niwamalize! Namfuta fundi, namfuta Tingatinga, kesi inabaki tupu, rufaa inakwenda. Hata hakimu hakuliwaza hilo.

Mbio kwa karani. Akauliza nawaacha kwa muda au moja kwa moja. Nikasema kwa muda, ili rufaa ikishindikana niwarudie. Akacheka mpaka miwani ikaanguka. Kumbe mchezo huo wanaujua! Ukiacha mlango wa kuwarudia, kesi haihesabiwi kuwa imeisha, na rufaa haipokelewi. Ni lazima niwaachilie kabisa, nisiwadai tena maishani. Akaniuliza kama nimezungumza na mtu yeyote wa nyumbani. Nikapiga moyo konde, nikatia sahihi.

Fundi nilipompa habari alinishika mikono yote miwili, akaniombea baraka. Nikamuuliza habari za kioo cha Jumamosi. Akauliza, kioo gani?

Jumatatu, 17 Machi

Mke wangu hasemi nami. Anasema na mataulo. Akiyafua anayaambia kwamba kuna watu huletewa kioo mlangoni wakakifukuza.

Mteja hakuna. Nilikaa kwenye kiti nikautazama ukuta. Alama ya kioo bado ipo, nyeupe kuliko rangi nyingine. Nilipokuwa mdogo baba alinipandisha kwenye kiti hiki nijione. Nikalia kidogo. Nikajifuta, nikaenda kupeleka rufaa.

Imepokelewa! Shemeji alipoletewa karatasi yake hakucheka. Alisema tu, kumbe ni kweli, shemeji. Halafu akapanda ngazi polepole. Nilidhani nitafurahi zaidi.

Jumamosi, 22 Machi

Siamini macho yangu. Shemeji kaleta kioo! Kamfuata fundi, kambembeleza, kakinunua kilekile. Kasema ni zawadi ya dada yake na mimi, na kama nataka kuendelea na rufaa niendelee, undugu hauishi kwa karatasi. Nilitaka kumkumbatia, ila alikuwa ameshika kioo upande mmoja, fundi upande wa pili. Mke wangu anacheka, machozi yanamtoka. Akanigusa bega! Saluni imepona, ndoa imepona.

Mlango wetu ni mwembamba, na hakuna anayeujua kama mimi. Nikasimama mbele niwaongoze. Nikapunga mkono. Leteni, leteni, nafasi ipo.

Nafasi haikuwepo.

Jumapili, 23 Machi

Mke wangu kauliza kesho nitamwambia nini kaka yake, ambaye kidole chake kimefungwa bendeji. Kasema neno moja tu linatosha, na hata mtoto analijua.

Nimelitafakari suala lote tangu asubuhi. Rufaa naiondoa. Ile amri ya hakimu nimeisoma upya kwa makini na nimeiona ni nzuri mno, imejaa busara. Kusema si kubeba. Mimi nilisema tu! Mdomo wangu haukugusa kioo.

Kioo kilikuwa zawadi, kwa hiyo kilishakuwa changu. Basi kesi mpya. Mdaiwa wa kwanza, fundi. Mdaiwa wa pili, shemeji, na safari hii alibeba kwa mikono yake miwili, mashahidi tele. Hakuna hakimu atakayemtoa!

Mke wangu kachungulia, kauliza naandika nini. Nimemjibu si kitu. Kisha nikamuuliza, kwa upole tu, ni nani aliyekuwa ameushika mlango.