Yah: Saini Yako kwenye Fomu ya Jeshi la Majini

Kwa Baba Mkubwa, Sajini Mstaafu wa Jeshi la Majini,
Chumba cha pili kutoka jikoni.

Shikamoo Baba Mkubwa,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote: nimejaza fomu ya kujiunga na jeshi la majini. Imebaki saini yako ya mlezi, na mwisho wa kuipeleka ni Ijumaa. Ningekuambia kwa mdomo, lakini ukinikazia macho maneno hunikaukia mdomoni. Tena juzi, nilipogusia tu kwa mbali, ulinikatalia kwa hoja ambazo, kwa heshima zote, hazikai sawa.

1. Ulisema, "Sauti yako haifiki hata mlangoni, melini itasikika vipi?" Lakini wewe mwenyewe ulitusimulia kwamba melini anayetoa amri ni mmoja na wanaosikiliza ni mia mbili. Mimi naomba nafasi kwa hao mia mbili. Nataka mahali ambapo mtu hujulikana kwa kazi yake, si kwa kusema kwake.

2. Ulisema katika miaka ishirini na mbili hujaona baharia mwenye haya. Baba Mkubwa, mwenye haya hujificha. Ungemwonaje?

3. Ulisema mwanamke huleta nuksi melini, kwa sababu siku aliyopanda yule muuguzi injini ilikufa. Nimeipanga upya hadithi yako kwa saa. Injini ilikufa asubuhi, ikamuunguza fundi mkono, ndipo muuguzi akaitwa. Hakuileta nuksi, nuksi ndiyo iliyomleta.

4. Ulisema sitayaweza maisha ya kijeshi. Tangu nije kwako nikiwa na miaka minane naamshwa kwa firimbi, kitanda changu hukaguliwa kwa rula, na Mama Mkubwa huomba ruhusa kuingia jikoni kwake. Kwa hiyo nina miaka kumi ya utumishi, bila sare wala likizo. Ninachoomba basi si ruhusa ya kujiunga. Ni uhamisho. Na cheo cha koplo, kwa kuwa nimechelewa kupandishwa.

Fomu iko juu ya redio yako, na kalamu. Msalimie Mama Mkubwa, ingawa yuko hapa ananiuliza naandika nini, na wadogo zangu wote kwa vyeo vyao.

Mimi mwanao, ninayesubiri amri kimya kimya,
Askari wa Zamu ya Kuosha Vyombo

N.B. Jana nilipanda kivuko ili kujipima. Nilitapika mara mbili. Mfunga kamba akaniletea ndoo, akasema, "Pole binti, lakini bado hatujaondoka." Nimehitimisha kwamba kosa ni la kivuko. Hata hivyo, naomba usimwambie mtu, hasa jeshi la majini.