Mti Mmoja Mara Thelathini

Jumatatu, 2 Machi

Mvua tangu alfajiri. Watson amepaka bango la kitalu chake cha miche rangi mpya. Kijani! Tumetazamana miaka kumi na moja, yeye ng'ambo ile ya barabara na mimi hii, na Isongole nzima inajua nani ana pesa ya rangi na nani hana.

Kaja Erica, afisa wa mbegu za miti. Binti mwenye adabu. Anasema wakulima wa Ihanda wanataka miche ya misindano, paini za mbao, mingi mno, ila watachukua kwenye kitalu kimoja tu, chenye cheti. Na cheti hakitolewi tena kwa maneno. Wanapima vinasaba vya miti mama, ile inayotoa mbegu. Iwe mingi na isiwe ndugu, la sivyo miche hudumaa na kupinda.

Nikikosa, kitalu cha marehemu baba nafunga. Wateja wengine sina. Jenista, mke wangu, ameshasema maandazi yake hayatalisha tena viriba vyangu vya miche.

Miti mama ninayo thelathini, aliipanda baba kilimani. Erica kaniachia vifuko thelathini, kila mti na kifuko chake, majani machache tu. Alitaka tupande kilima pamoja. Nikamwambia kule kuna nyuki wakali, hawapendi wageni. Akanishukuru kwa kumjali.

Jumatano, 4 Machi

Kilima kinateleza. Goti linauma. Nimefika kwenye jiwe la kwanza, nikarudi.

Halafu akili ikanijia. Nyuma ya kanisa kuna msindano mmoja mnene, umenyooka vizuri, matawi yanagusa chini. Nikakaa kwenye benchi la kwaya. Vifuko thelathini, nusu saa!

Wala sikufanya kienyeji. Kifuko cha kwanza majani ya upande unaotazama mpaka wa Malawi, cha pili ya upande unaotazama Tanzania. Vingine majani machanga, vingine yaliyokomaa. Huko maabara watashangaa kwa utofauti. Watson angefikiria hili? Thubutu.

Ijumaa, 6 Machi

Erica amechukua vifuko. Jenista aliniuliza habari za kilimani. Nikamweleza nyuki mmoja mmoja. Akanitazama kama anavyotazama maharage yenye wadudu, kisha akamsindikiza Erica mpaka barabarani. Wameongea muda mrefu. Labda maandazi.

Mchana Jenista katoka na ngazi. Anasema anaenda kutafuta kuni. Kuni gani za ngazi? Sikuuliza. Kukiwa na amani nyumbani, mimi huiacha ilivyo.

Alhamisi, 23 Aprili

Siku mbaya kuliko zote.

Majibu yametolewa ofisi ya kata, mbele za watu. Watson kiti cha mbele, kavaa koti. Erica alinionea huruma, akasema kwa sauti ndogo, lakini chumba kilikuwa kimya.

"Mzee Aliko, huu ni mti mmoja. Umetuletea mti mmoja mara thelathini."

Walicheka. Watson alicheka mpaka akaegemea ukuta. Akanyamaza aliposikia kwamba nusu ya miti yake mwenyewe ni ndugu, naye cheti hapati. Furaha yangu ya leo iliishia hapo.

Maana Erica alitoa karatasi nyingine. Miti thelathini, yote tofauti, yote bora, kutoka kilima cha marehemu baba yangu. Aliyepanda kuchuma majani: Jenista. Cheti kimeandikwa jina la Jenista. Mke wangu, Mama Anna, akasimama, akakipokea kwa mikono miwili. Hakuniangalia.

Ijumaa, 24 Aprili

Sijala. Baba alizitafuta mbegu zile miaka mingi. Nyingine Mbeya, nyingine kwa wajomba zake ng'ambo ya mto Songwe, anazifunga kwenye leso, mti huu punje chache, mti ule punje chache. Nilidhani anapoteza muda. Kumbe nilikuwa nimekalia dhahabu kuwazidi wachimbaji wa Saza, na kilichohitajika ni kupanda kilima nusu siku. Nimelia nyuma ya viriba. Jenista alinisikia. Hakuja.

Jioni akanieleza bila kugomba. Kazi ya Ihanda ni yake, kitalu hakifungwi, na mimi naweza kubaki.

"Mbegu utachuma wewe. Miti yote thelathini, Baba Anna. Ni hilo tu ninalokuomba."

Nimeapa kwa jina la baba. Safari hii kweli.

Jumanne, 19 Mei

Nimetoka saa kumi na mbili asubuhi na gunia, ngazi na moyo safi. Jiwe la kwanza. Goti. Nikaificha ngazi kichakani, nikapanda Noah ya abiria ya kwenda Tunduma.

Mpakani kuna Mzambia anauza mbegu za msindano, zimeshapepetwa. Nikamsalimu kwa Kibemba, mulishani, akafurahi. Nikauliza zimetoka miti gani. Akajibu, miti tu. Mtu mkweli! Mbegu hazina majina usoni. Na Erica alisema hatapima tena mpaka baada ya miaka miwili.

Saa kumi jioni nikashukia chini ya kilima. Nikachukua ngazi, nikajipaka utomvu wa msindano mikononi, magotini, kidogo shingoni. Nikaingia nyumbani nachechemea.

Jenista aliliona gunia, akaacha kukanda unga. Akaleta mafuta ya taa, akanisugua utomvu kidole kimoja kimoja. Akasema baba angefurahi leo.

"Pole, mume wangu."

Hajaniita hivyo tangu Machi. Nimekula sahani mbili. Kesho asubuhi tunasia mbegu.