Mradi wa Vidole Kumi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uliyetuma udhuru. Wakuu wa Vitengo. Makaimu wa Wakuu wa Vitengo. Nanyi mnaowakaimia hao makaimu: natangaza kwa unyenyekevu mzito kwamba leo, saa tatu na robo asubuhi, mimi Mkurugenzi wenu nimeandika neno zima kwenye kompyuta bila kutazama kibodi! (Makofi. Sauti: "Neno gani?") Nilikusudia "idhini", likatoka "ofjomo", lakini ni zima.

Ndugu watumishi, chini ya Rodimapu ya Vidole Kumi, mkakati shirikishi, jumuishi na endelevu niliouasisi mwenyewe nikiwa naoga, asilimia tisini na saba ya idara hii haitazami tena kibodi (Mhasibu: "Tutazame nini, na herufi umezifuta?"), na hayo ni mafanikio ambayo, bila kujisifu, nayasifu. Ni kweli niliagiza herufi zote zipakwe rangi nyeusi, ili mwalimu wa kupiga chapa akija atukute tumejiandaa. Ni kweli pia kwamba tangu hapo foleni ya rasimu za mkono mezani kwa Bi Katibu imefika mlangoni.

Huyu Bi Katibu, anayepiga chapa mwaka wa thelathini na moja huku akikutazama usoni, anasubiri barua yake ya kustaafu. Binti yake alijifungua mapacha, anamhitaji. Nikamwahidi: mmoja wetu akiweza tu kuiandika barua hiyo kwa kompyuta, mama, unaondoka. (Bi Katibu: "Bosi, mapacha wameshaota meno." Vicheko virefu.)

Vidole kumi! (Kimya.) Vidole kumi! (Sauti: "Kazi sifuri!")

Basi, namshukuru mwalimu, ambaye hakuja kwa kuwa sikumwita. Nalishukuru darasa, ambalo ni stoo ya viti vibovu. Mradi haukuwepo, wenzangu. Palikuwa na kopo la rangi, na mimi. Na barua haikucheleweshwa na kibodi, niliogopa akiondoka mtagundua kwamba hata hotuba hii kaiandika yeye.

Bi Katibu, jana nilipekua kanuni zote. Hakuna inayokataza kalamu. Barua yako hii hapa, kwa mwandiko wangu mbaya, imesainiwa, imegongwa muhuri. Nenda kawabebe wajukuu.

(Bi Katibu ameshasimama, mkoba begani.)

Wenye rasimu, pangeni foleni kwangu. Njooni na viti.