Tembo wa Jalada

Ijumaa, 4 Julai 2025. Kilosa.

Chama chetu cha walimu wastaafu kinatafuta picha ya jalada la kalenda ya mwakani. Lazima iwe ya mnyamapori. Mwisho wa kupokea ni Jumanne. Kalenda ya mwaka huu imebeba twiga wa Ditram, mdogo wa mke wangu Agatha. Twiga yule hana miguu! Namwona sebuleni kwangu kila nitafutapo tarehe. Inatosha.

Kesho tunakwenda Mikumi na mahema, familia nzima. Wao wanadhani ni mapumziko ya Sabasaba. Nilipanga Ditram asijue. Agatha amemwalika. Anasema ndugu yake hahitaji mwaliko. Basi amemwalika ya nini?

Jumamosi, 5 Julai. Mikumi, kambini.

Swala zaidi ya arobaini. Nimepiga picha sitini. Katika zote wamenipa mgongo. Ditram aliniuliza kama nimepewa oda ya kuwashonea suruali. Mbele ya mkwe wangu Elikana, anayeendesha gari! Elikana aliinamia usukani, mabega yakimtikisika. Shemeji ni mtani, na anayemkasirikia mtani ndiye mkosaji. Desturi hiyo iliwekwa na mtu asiye na shemeji.

Jioni askari wa hifadhi alitueleza kwamba tembo dume huja alfajiri kunywa maji kwenye tangi la kambi. Tusisogee, tusipige kelele. Nikapata mpango. Nimetoa amri: kesho alfajiri hakuna atakayefungua kinywa hadi nitakaporuhusu. Ditram nimempakulia sahani ya tatu ya wali na maharage, alale fofofo.

Jumapili, 6 Julai. Kambini.

Fedheha!

Tembo alifika saa kumi na mbili na robo. Mkubwa, meno marefu, mwanga mzuri. Nilikuwa nimeketi mlangoni mwa hema, nimejifunika blanketi. Akainua mkonga. Nikainua kamera. Ndipo mjukuu wangu Loveth, mwenye miaka kumi na sita, alipotoka hemani, akapita mbele yangu, akaketi kando ya hema. Bila shikamoo.

Nilivumilia. Nilihesabu hadi tano. Kisha nikasimama, nikamgeukia, nikamwuliza siku hizi anawaamkia nani. Akanong'ona kwamba babu ndiye aliyekataza kusema. Nikamweleza kwamba nilikataza maneno, sikukataza adabu. Akasema shikamoo. Marahaba. Elikana akasikia, akadhani amri imekwisha, akatoka na shikamoo yake, ameinama kama impasavyo mkwe. Marahaba. Akaniuliza nimeamkaje. Ningeachaje kujibu? Nikauliza hali ya wazazi wake huko Mamboya. Wazima. Mbuzi je? Wazima pia.

Nilipogeuka, tangi lilikuwepo. Tembo hakuwepo.

Kumbe Ditram hakulala! Sahani ya tatu ilimsumbua tumbo, akakesha. Alikuwa akichungulia kutoka hemani mwake, simu mkononi. Anasema hajawahi kuona mzee aliyempa tembo mgongo ili aulizie mbuzi. Bado anacheka.

Ijumaa, 11 Julai. Kilosa.

Kamati imechagua kwa kura zote. Jalada: tembo, mkonga juu, mbele yake mzee mwenye blanketi, kidole hewani, akidai shikamoo. Chini imeandikwa kwamba mpiga picha ni Ditram. Jina langu halimo. Agatha anasema blanketi limetoka vizuri. Loveth ananiita mume wake maarufu.

Nimetafakari kosa lilikuwa wapi. Nimelipata. Lilikuwa katika ratiba. Agosti tutapanda milima ya Vidunda kupiga picha za mbega. Huko kila mtu atatoa shikamoo ya asubuhi usiku uliotangulia, kwa foleni, wakubwa kwanza. Alfajiri itakuwa kimya kabisa.

Mazoezi yameanza leo. Loveth ameniamkia ya kesho. Hakupiga goti. Nimemrudisha mlangoni aanze upya.