Ujanja Wangu wa Kukwepa Jasho

Jumatatu, 3 Machi

Kliniki. Mapafu yameshuka tena. Nilipuliza mashine ya kupima pumzi mpaka macho yakataka kunitoka. Mstari kwenye kioo ukapanda kidogo, ukakata tamaa, ukalala.

Nilizaliwa na sistiki fibrosisi. Ute wa vifuani mwa watu wengine ni mwepesi. Wangu ni gundi. Kila siku lazima ubanduliwe, la sivyo vijidudu huhamia na familia zao. Mbanduaji mkuu ni Shangazi. Amenilea tangu wifi yake, yaani mama yangu, alipofariki. Kila asubuhi hunilaza kifudifudi juu ya mito, hukunja viganja kama bakuli na kunipiga mgongo, pu, pu, pu. Alianza nikiwa sina meno. Sasa nina ndevu.

Leo mtaalamu wa mazoezi ya kifua, ambaye wagonjwa wote tunamwita Mama Mapafu, aliviangalia vidole vya Shangazi vilivyovimba kwa baridi yabisi. Kisha akaniangalia mimi. Sikuipenda safari ile ya macho. Akasema nichague zoezi la kukimbiza moyo, lolote nilipendalo, nilifanye karibu kila siku. Dawa ziko palepale, mvuke wa kuvuta uko palepale, lakini kifua kikizoea kujisafisha chenyewe, mikono ya Shangazi nayo itapumzika. Nirudi baada ya wiki mbili. Mapafu yakishuka tena, nitalazwa.

Lolote nilipendalo! Nipendalo ni kukaa.

Kwenye korido nilimwona Jenerali. Ana ugonjwa kama wangu, na hatujawahi kupeana mkono, maana vijidudu vya mmoja vinaweza kummaliza mwingine. Urafiki wetu ni wa kupungiana kwa mbali, barakoa usoni, na kutambiana kwa simu. Alinipigia kabla sijafika nyumbani. Yeye amechagua kukimbia kuzunguka uwanja wa mpira. Nikamwambia nami nimeshachagua. Akauliza nini. Nikasema mtandao unakatika.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata! Nafanya kazi kwenye duka la mapazia, na stoo kuna cherehani ya zamani ya kukanyaga kwa miguu. Kukanyaga ni nini kama si baiskeli? Baiskeli ni nini kama si zoezi? Tena mtu amekaa. Nilimwomba tajiri wangu niitumie. Alishangaa, maana ile ya umeme iko mezani, lakini hakukataa.

Nikakanyaga. Pazia moja zima, pindo zote nne. Nikampigia Mama Mapafu kumpa taarifa. Akanipongeza, akauliza kama moyo unakwenda mbio. Nikasema unatimka. Akaniomba niimbe kidogo.

Nina sauti nzuri. Sijui kukataa nikiombwa. Niliimba beti mbili na kiitikio, wateja wakapiga makofi.

Mama Mapafu akasema asante, nimeimba vizuri, na huo ndio ushahidi kwamba nimepumzika. Zoezi la kweli humwacha mtu aweze kuongea lakini asiweze kuimba. Akakata simu.

Nimeponzwa na kipaji changu mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Jenerali ametuma picha yake akiwa uwanjani, fulana imelowa chapachapa. Wivu ukanipanda. Nilijimwagia maji usoni, nikahema mdomo wazi, nikajipiga picha na kumtumia.

Jibu likaja mara moja. Akauliza chumvi iko wapi.

Mjanja huyu! Jasho letu sisi lina chumvi nyingi kuliko la watu wengine. Likikauka, paji la uso hubaki na unga mweupe. Langu lilikuwa linang'aa kama sahani.

Sikushindwa. Niliingia jikoni, nikachota chumvi ya Shangazi na kujipaka usoni penye majimaji. Ikashuka na maji. Ikaingia machoni. Yote mawili!

Nikapapasa bomba la jikoni. Kavu. La bafuni, kavu. Maji ya ghorofani yalikuwa yamekatika. Nilishuka ngazi kutoka ghorofa ya nne nikiwa kipofu, nimeshika ukuta kwa mkono mmoja na kumwita Mungu kwa mwingine, mpaka kwenye bomba la uani. Nikanawa. Nikakumbuka nimeacha jiko linawaka. Nikapanda mbio. Halikuwa linawaka. Nikakumbuka simu iko bombani. Nikashuka tena, nikapanda tena.

Nilikohoa makohozi ya ajabu, kijani kizito, na kifua kikawa chepesi kutwa. Nadhani ni ile chumvi.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango kabambe. Dansi! Juu ya duka la viatu kuna ukumbi wa mazoezi ya dansi jioni. Nimechungulia mara mbili tatu. Mstari wa mbele hutoka jasho kweli, lakini wa nyuma, karibu na ukuta, hakuna anayeuona. Mtu anaweza kusimama pale akitikisa mabega kidogo, jina lake likaandikwa kwamba amehudhuria.

Shangazi alinipa chupa ya maji yenye chumvi na sukari, akaniambia ninywe kabla sijasikia kiu. Nikamwonea huruma. Hakujua sitatoa hata tone.

Nilichukua nafasi yangu ukutani. Muziki ukaanza. Mambo yakaenda kama nilivyopanga mpaka wimbo wa pili, mwalimu wa dansi alipopiga kelele, “Geukeni!”

Ukumbi mzima ukageuka. Mstari wa nyuma ukawa wa mbele. Nikajikuta peke yangu mbele ya kioo kikubwa, umati wote nyuma yangu ukifuata miguu yangu. Nikienda kushoto, wanaenda kushoto. Nikajikwaa, nao wakajikwaa kwa heshima. Ningefanyaje? Nilicheza. Nilicheza kama mtu anayefukuzwa na nyuki.

Halafu kikohozi kikaja. Si kile cha adabu. Kile cha kuinamisha mtu, cha kutoka kwenye visigino. Nikasikia muziki uko mbali. Watu wakasogea. Mwanamume mmoja akamuuliza mwenzake kwa sauti kama hii ni kifua kikuu, na kwa nini wagonjwa wanaruhusiwa kuingia. Nilitafuta mlango kwa macho.

Mama mmoja mnene mwenye raba nyekundu akaja hadi niliposimama. Akanipa karatasi laini na kuuliza kama naambukiza. Nikatikisa kichwa, nikamwambia nimezaliwa na ugonjwa huu. Akawageukia wenzake.

“Amezaliwa nao. Wewe umezaliwa na mdomo, mbona hatukufukuzi? Mwalimu, ongeza sauti, kijana akohoe kwa raha zake.”

Mwalimu akaongeza sauti. Nilikohoa kwa raha zangu. Nikatema nilichotema, nikafunga karatasi, nikarudi kucheza.

Nikiwa njiani kurudi nilivuta pumzi, nikasikia hewa ikifika mahali ambapo haijafika siku nyingi, kama mgeni anayebisha hodi chumba cha uani. Nilisimama barabarani nikivuta tu. Mungu ambariki yule mama na raba zake.

Hata hivyo ukuta wa nyuma haufai. Kesho nitajaribu katikati.

Jumapili, 9 Machi

Asubuhi Shangazi aliangusha sufuria. Nilisikia kishindo, halafu kimya, halafu akicheka peke yake. Nikaenda kumwangalia. Alikuwa anajaribu kuiokota na vidole havitaki kufunga.

Akaniambia nikalale kwenye mito, anakuja. Alikuja akiwa amejifunga vitambaa viganjani. Pu, pu, pu. Kila pigo lilikuwa na kapumziko kabla yake, na kila kapumziko nilijua ni maumivu. Nikalowanisha mto. Akauliza nini. Nikamwambia ni ute.

Nimelala hapa kitandani nawaza jinsi mikono ile ilivyonibeba, ilivyonivunjia vidonge vya kusaga chakula kwenye uji nilipokuwa siwezi kumeza, ilivyonipiga mgongo siku za homa, siku za sherehe, asubuhi ya mazishi ya kaka yake, ambaye ni baba yangu. Watu wangapi duniani wameamshwa namna hiyo kila siku, wakaamka?

Basi. Nimetunga uongo. Nimemwambia Mama Mapafu amepiga simu kukataza mgongo wangu kupigwa kuanzia leo, ni utaratibu mpya. Shangazi amenitazama sana. Akasema sawa baba.

Tatizo la uongo huu ni kwamba ute haujui kama nimedanganya. Lazima utoke. Nitajifungia chumbani kila asubuhi, nifungulie redio nicheze mpaka nishindwe kuimba, kisha nisukume hewa nje kwa nguvu, haa, haa, kama mtu anayetia kioo ukungu, vile Mama Mapafu alivyonifundisha. Shangazi asijue.

Alhamisi, 13 Machi

Mpango ulikuwa unakwenda vizuri. Jasho la chumvi halisi! Nimemtumia Jenerali picha. Hakujibu. Wivu.

Leo mlango ukagongwa. Ni jirani wa ghorofa iliyo chini yetu, tunayemwita Bwana Kimya kwa sababu anakipenda kuliko watoto wake. Alikuwa na chembe za chokaa kichwani. Akamwambia Shangazi kwamba kuna ng'ombe anakaa juu ya dari yake, anaamka kila asubuhi saa moja.

Shangazi akafungua mlango wa chumba changu bila kubisha. Nilikuwa na singlendi, mguu mmoja hewani.

Bwana Kimya akasema, “Ng'ombe mwenyewe huyu.”

Shangazi alimwomba radhi, akamsindikiza mlangoni, akarudi. Alikaa kitandani.

“Kwa hiyo Mama Mapafu hakukataza.”

“Hakukataza, Shangazi.”

“Ulidhani sikujua? Nilimpigia siku ileile.”

“Mbona hukusema?”

“Nilikuwa nasikiliza nje ya mlango unavyokohoa. Unakohoa vizuri, baba. Kuliko ninavyokukohoza mimi.” Akageuza viganja vyake, akaviangalia kama vitu vya mtu mwingine. “Na mikono imelala siku nne hizi. Usiku sisikii maumivu.”

Nilitaka kusema neno la maana. Nikasema chokaa ya dari ile ni mbovu hata hivyo.

Akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha akaamuru nihamie jikoni, maana chini ya jiko letu kuna stoo tupu. Ameweka kigoda chake pale. Mimi nacheza, yeye anapiga mguu sakafuni na kunikosoa. Anasema kiuno changu kimekaa kama cha mtu anayeomba mkopo.

Jumamosi, 15 Machi

Jenerali kalazwa. Nimeona aibu kwa lile neno wivu. Alikimbia kila siku, hakukosa hata moja, na vijidudu vimemshika vilevile. Ugonjwa huu hauna shukrani. Alinipigia kutoka wodini, sauti nyembamba, akaniuliza kama kweli nacheza au natumia chumvi ya mezani. Nikamwambia kweli. Akasema nimfungulie redio.

Nikaweka simu juu ya kabati la vyombo, nikacheza yeye akisikiliza. Baada ya muda nikasikia chuma kinagongagonga. Kumbe naye kainuka, anacheza na nguzo ya dripu. Nesi akaja kumfokea. Jenerali akamjibu kwamba ameagizwa na mtaalamu. Nesi akauliza mtaalamu gani. Akasema wa mapazia.

Shangazi amemfanyia dua. Mimi pia. Dua ndefu, na niliifanya nimesimama.

Jumatatu, 17 Machi

Kliniki. Nilipuliza. Mstari ukapanda, ukapita pale uliposhindwa, ukaendelea! Si mlima, ni kichuguu, lakini ni kichuguu changu. Silazwi.

Mama Mapafu akauliza nimefanya zoezi gani. Nikaanza kueleza kuhusu cherehani, chumvi, ukuta wa nyuma, utaratibu mpya wa uongo. Akaniomba ninyamaze. Akamwandikia Shangazi dawa ya kupaka vidole na kumwambia mikono yake imefanya kazi ya wodi nzima. Shangazi akainamisha kichwa. Nikamshikia mkoba, maana nilihitaji kitu cha kushika.

Tulipita chini ya dirisha la Jenerali. Homa imeshuka. Alinionyesha ngumi kwa nyuma ya kioo, ngumi ya mapenzi. Nikamjibu kwa kiuno.

Jumanne, 18 Machi

Nimeamka nikiwa na shukrani tele. Kwa Shangazi, kwa Mama Mapafu, kwa Jenerali ambaye leo amekula chakula chote, kwa yule mama wa raba nyekundu. Na kwa akili yangu, tusifichane. Mtu mwingine angelazimika kufanya mazoezi.

Sasa mapafu yameweka akiba, sioni haja ya kuendelea kujichosha. Bahati imenifungulia mlango. Mwalimu wa dansi anatafuta msaidizi wa darasa la alfajiri, kila siku. Msaidizi! Si mchezaji. Nimemuuliza kama msaidizi anapewa kiti. Akacheka, akasema kiti kipo. Nimekubali hapohapo kabla hajampa mtu mwingine.

Kazi ya kukaa na kuangalia wenzangu wakihangaika. Hatimaye! Naanza kesho. Kitu kimoja tu sijakielewa: ameniambia nije na taulo mbili.