Nyasi za Harusi ya Rosalind

Jumatatu, 1 Agosti

Joto halipungui. Jumamosi ya wiki ijayo karamu ya harusi ya binti yangu Rosalind itafanyika nyuma ya nyumba hii, juu ya nyasi alizozipanda marehemu mama yake. Hoteli ameikataa. Anataka hapa tu. Nami, Desmond Tranter, nimewaahidi wakwe kwa maandishi kwamba watakanyaga zulia. Neno "zulia" nililichagua kwa makusudi.

Leo nimeishusha mashine ya kukatia nyasi hadi kipimo cha chini kabisa, nikakata. Nyasi fupi huhitaji maji machache. Hilo halina mjadala. Mistari imenyooka kama ya uwanja wa kriketi. Jirani yangu Bi. Cobbold, muuguzi mstaafu, aliegemea uzio akauliza nyasi zimenikosea nini. Nilimfahamisha kwamba hii ni kazi ya kitaalamu. Akasema zake ataziacha zirefuke, zijitilie kivuli zenyewe. Nilimhurumia.

Jumatano, 3 Agosti

Manjano. Si pembezoni tu. Kote.

Zaidi ya hayo, shirika la maji limepiga marufuku mipira ya kumwagilia. Keni, ile ndoo ndogo ya mkononi yenye mdomo wa matundu, inaruhusiwa. Nimewasilisha ombi la kusamehewa, "kwa kuzingatia uzito wa tukio na hadhi ya wageni." Binti wa ofisini alinipigia simu kunieleza kwamba harusi haihesabiwi kuwa dharura. Nilimtaka anitajie kifungu. Akasema, "Mzee, kifungu sina. Tumia keni."

Ng'ambo ya uzio, nyasi za Bi. Cobbold ni kijani kizito, kile cha mwezi wa Mei, na upepo ukipita zinalala na kuinuka kwa pamoja. Mimi si mtu wa wivu. Nilisimama nikazitazama mpaka chai ikapoa.

Ijumaa, 5 Agosti

Nimeamua kuzilisha. Mbolea ya chengachenga, kipimo maradufu, saa saba mchana, jua likiwa kali ili iyeyuke upesi.

Jioni: imeunguza. Kila nilipopita pamekuwa kahawia, kiasi kwamba mtu yeyote anaweza kufuata nyayo zangu kutoka bandani hadi kwenye waridi na kurudi. Rosalind alikuja kupima mahali pa hema. Aliketi kwenye ngazi ya jikoni. Kisha akasema, "Baba, picha zitatoka kana kwamba tumefungia ndoa jangwani." Nikamwomba awe na imani. Alisema imani anayo, ila mashine angependa kuificha. Alipokuwa akiondoka niliona macho yake yamelowa. Hilo limeniuma kuliko ninavyoweza kulieleza kwa ufasaha.

Jumapili, 7 Agosti

Maji ya kuogea hayakukatazwa! Nimelisoma tangazo lote. Baada ya ibada nilisimama na kuwasihi waumini, kwa heshima na taadhima, wanichangie maji waliyokwisha kuyatumia. Bwana Fulcher, mwenye baa, aliuliza mbele ya kasisi kama ni lazima mtu awe ameoga kweli. Watu walicheka kupita kiasi.

Hata hivyo walileta. Ndoo baada ya ndoo. Ya Fulcher, nimekuja kugundua, ilikuwa maji ya chumvi aliyochemshia nyama ya nguruwe. Sasa nina povu upande wa kushoto, na upande wa kulia mbwa wa mtaa mzima.

Jumanne, 9 Agosti

Nimeiweka heshima yangu kando, nikaenda kumwuliza Bi. Cobbold siri yake. Akanieleza: usikate karibu na udongo, mwagilia mara moja kwa wiki, alfajiri, mpaka maji yazame, vipande ulivyokata viache palepale.

Nikamwuliza, basi?

"Basi, Desmond. Halafu ziache zipumue. Na wewe upumue."

Unyenyekevu wa namna hii huonekana kwa mabingwa peke yao. Kwa vyovyote siri yenyewe hakuitaja. Kesho nitachunguza.

Jumatano, 10 Agosti

Alfajiri nilichungulia kwenye ufa wa uzio. Alitoka na gauni la kulalia na viatu vya mpira, akabeba keni moja baada ya nyingine, bila haraka, akisimama mahali pamoja mpaka ardhi imeshiba ndipo asogee. Umri wake unazidi wangu. Sijapata kuona kazi ifanywayo kwa upole na uthabiti kiasi kile. Na muda wote alikuwa akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini.

Wimbo, basi. Nimeziimbia nyasi zangu beti zote. Bi. Cobbold aliuliza kutoka upande wa pili kama nimeumia.

Alhamisi, 11 Agosti

Rosalind na Bi. Cobbold wameafikiana bila kunihusisha: uzio utang'olewa, na hema litasimamishwa kwake. Nilianza kutoa pingamizi rasmi. Bi. Cobbold akasema, "Unashika upande huo wa uzio, au nimwite Fulcher?"

Nikashika.

Jumamosi, 13 Agosti

Binti yangu ameolewa. Alivua viatu akacheza pekupeku kwenye kijani kile, na wakwe wakanipa mkono wakikiri kwamba kweli ni zulia. Sikuwasahihisha.

Wakati wa kukata keki, Bi. Cobbold alimwambia Rosalind kwamba mbegu za nyasi hizi zilitoka katika gunia la marehemu mama yake Rosalind. Yeye na marehemu waligawana walipohamia hapa wakiwa wasichana. "Kwa hiyo, mwanangu, uko palepale ulipotaka." Rosalind alimkumbatia, akaninyooshea na mimi mkono. Mwanamke yule ni hazina ya kijiji. Nilitaka kutoa hotuba juu yake. Badala yake nilimpelekea kipande cha keki.

Jumatatu, 15 Agosti

Bi. Cobbold ameondoka kwenda kwa dada yake pwani, arudi mwisho wa mwezi. Uzio bado haujarudishwa. Aliniomba jambo moja: nisiguse chochote. Aliyasema hayo mara mbili, akinishika bega. Ni adabu yake ya kutopenda kusumbua watu.

Lakini shukrani isiyo na vitendo si shukrani ya mtu muungwana. Nimeinoa mashine, nikaishusha hadi kipimo cha chini kabisa, na kufikia adhuhuri nyasi zake zote zilikuwa na mistari iliyonyooka kwa namna ambayo, naamini, hajapata kuiona maishani mwake.